Bunduki Hii Ilikuwa ya Nani?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka, Ifakara)



Katibu wetu aliponiandikia alisema nizungumze juu ya jambo lolote lenye manufaa kwa vijana. Sisi watumishi wa serikali tukipewa uhuru wa namna hiyo, aghalabu huzungumza juu ya nidhamu kazini, na wanafunzi aghalabu husinzia. Leo nawaombeni msisinzie, kwa maana nitazungumza juu ya bunduki.

Naona wale wa viti vya nyuma wameinua vichwa. Vizuri.

Ng'ambo ya mto, katika kijiji ambacho sisi tulikifikia kwa kivuko na ninyi mnakifikia kwa daraja, ukoo mmoja ulibomoa nyumba ya zamani ili ujenge ya matofali ya kuchoma. Darini ilikutwa bunduki ndefu, imeviringishwa katika gunia na kufungwa kamba za ukindu. Mwenye ukoo alifanya kama sheria inavyotaka: hakuigusa zaidi, alitoa taarifa kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, na polisi wakaja kuichukua. Mpaka hapo hakuna matata.

Matata yalikuwa kwingine. Mwaka huo huo ukoo ulikuwa unajiandaa kujengea kaburi la babu yao, yule yule aliyekuwa na nyumba ile. Upande mmoja wa ukoo ukataka kaburi liandikwe kwamba babu alikuwa shujaa wa Majimaji, aliyemnyang'anya Mjerumani bunduki kwa mikono yake. Upande wa pili ukasema, kwanza kwa sauti ya chini na baadaye kwa sauti ya juu, kwamba babu alikuwa askari wa Mjerumani, na kwamba kuandika uongo juu ya kaburi ni kumtukana marehemu. Fundi alikuwa amekwisha pokea nusu ya fedha zake, saruji imo stoo, na ndugu wa tumbo moja wamefika mahali pa kutosalimiana msibani.

Wazee wakaniita. Walisema: wewe ulisoma historia chuo kikuu, na kazi yako huko ofisini ni mafaili. Tutafutie. Bunduki hii ilikuwa ya nani?

Wameniruhusu kuisimulia habari hii, ila niliwaahidi kutotaja jina la ukoo wala la kijiji. Nitawaeleza namna tulivyotafuta, kwa sababu nyumbani kwenu wengi wenu mna kitu cha zamani, na siku moja mtaulizwa swali kama hilo.

CHUMA KINASEMA NINI

Kwa ruhusa ya polisi, na afisa wao akiwa amesimama karibu, niliiangalia bunduki ile juu ya meza. Jambo la kwanza: haikuwa gobore. Gobore hushindiliwa baruti kwa mdomoni, na babu zetu wa bonde hili waliwinda nalo nyati na sheshe kwa miaka mingi. Hii ilipakiwa risasi kwa nyuma, risasi moja moja, na mtutu wake ulikuwa na tundu la milimita 11, yaani tundu ambalo kidole chako kidogo kingeweza kuingia. Ni bunduki ya aina ya Mauser ya mwaka 1871, iliyobuniwa na ndugu wawili wa Ujerumani, Wilhelm na Paul Mauser.

Juu ya chuma palikuwa na taji, na chini ya taji jina la mji wa Danzig, ambako dola ya Prussia ilikuwa na kiwanda cha silaha. Leo mji huo uko nchini Poland na unaitwa Gdańsk. Palikuwa na mwaka, 1877. Palikuwa na namba. Na kwenye bamba la chuma la kitako palikuwa na herufi tatu zilizofifia: D.O.A. Herufi hizo ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Basi tayari tuna wenyewe wawili. Wa kwanza ni askari fulani wa Kizungu huko Ulaya, aliyeibeba ikiwa mpya. Mwaka 1888 jeshi la Ujerumani lilipata bunduki ya kisasa zaidi, na hizi za zamani zikawa hazina kazi kwao. Nyingi zikaletwa kwetu. Kwa lugha ya leo, vijana, ile ilikuwa mtumba. Wa pili ni askari wa jeshi la koloni. Hermann von Wissmann alipoanza kulikusanya jeshi hilo mwaka 1889, aliajiri Wasudani kutoka Misri na watu wa Msumbiji walioitwa Wazulu, na bunduki walizopewa zilikuwa za aina hii. Mwaka 1891 jeshi lile likafanywa rasmi kuwa Schutztruppe. Hata vita vya 1914 vilipoanza, kombania nyingi za askari katika nchi hii bado zilikuwa na bunduki hizi za zamani, zenye baruti ya moshi mzito, moshi uliomwonyesha adui mahali askari alipolala.

Chuma kiliishia hapo. Kilituambia kilikotoka, bali hakikutuambia kilivyopanda darini.

MILANGO MITATU

Nilipopima historia ya bonde letu, niliona milango mitatu ambayo kwayo bunduki ya jeshi la Mjerumani ingeweza kuingia katika nyumba ya mtu wa Kilombero.

Mlango wa kwanza ni Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891, karibu na Iringa, Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na Wahehe wakachukua bunduki karibu 300 na mizinga 3. Wengi wenu mmelisikia jina la Lugalo kwa sababu ya kambi ya jeshi iliyoko Dar es Salaam. Ni vita hivyo hivyo. Kutoka Uhehe mpaka huku bondeni si mbali, na Wahehe walikuwa wakiteremka huku kwa vita tangu kabla ya Wajerumani. Kwa hiyo bunduki ya Lugalo kufika kwetu lisingekuwa jambo la ajabu.

Mlango wa pili ni Majimaji. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, na kabla ya mwezi wa Agosti kwisha vilikuwa vimefika kwetu. Wambunga waliishambulia kambi ndogo ya askari hapa Ifakara na kuishinda. Tarehe 30 Agosti, Wapogoro na Wambunga wakaishambulia boma ya Mahenge, iliyokuwa chini ya Kapteni von Hassel. Pale bombomu mbili ziliwafyeka watu waliokwenda mbele wakiwa na mikuki na magobore, wakiamini kwamba risasi itageuka maji. Boma ikazingirwa mpaka mwezi wa Septemba, Kapteni Nigmann alipofika na askari kutoka Iringa. Bunduki za askari waliouawa Ifakara zilikwenda wapi? Ni wazi kwamba zilichukuliwa na walioshinda. Huu ndio mlango ambao upande wa kwanza wa ukoo uliutaka.

Mlango wa tatu ni vita vikuu vya 1914 mpaka 1918. Mahenge palikuwa makao ya kombania ya 12 ya Schutztruppe. Mwaka 1917, chini ya Kapteni Tafel, Wajerumani walibanwa katika nyanda hizi kutoka pande kadhaa. Wabelgiji na askari wao wa Kongo waliingia Mahenge tarehe 9 Oktoba 1917. Tafel akakimbilia kusini akitaka kuungana na von Lettow-Vorbeck, wakapishana porini, na kwa njaa akasalimu amri karibu na mto Ruvuma tarehe 28 Novemba. Katika safari za namna ile askari wengi walitoroka wakarudi makwao, na bunduki zilitupwa, zilifichwa, ziliokotwa. Huu ndio mlango wa upande wa pili wa ukoo.

Ndugu Mwenyekiti, naomba wanafunzi waangalie jambo moja. Kila mlango una mtu wa namna yake. Aliyepita wa kwanza ni mtu wa Mkwawa, au mtu aliyenunua kwa mtu wa Mkwawa. Aliyepita wa pili ni mpiganaji wa Majimaji. Aliyepita wa tatu ni askari, au mpagazi, au mtu aliyekuwa akitafuta kuni akakuta bunduki chini ya mti. Bunduki ni ile ile moja, yenye taji lile lile na namba ile ile.

KARATASI

Mtaniuliza: kwani namba haikuandikwa mahali? Iliandikwa. Majeshi hupenda kuandika. Lakini hati za jeshi la Prussia zilikuwa zimewekwa katika mji wa Potsdam, na usiku wa tarehe 14 Aprili 1945 ndege za Uingereza ziliupiga mji huo kwa mabomu, na hazina ile kubwa ya hati ikaungua. Moto wa Potsdam ulifuta mambo mengi ambayo mtu wa Ifakara angependa kuyajua leo.

Zipo hati nyingine. Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam zina mafaili ya utawala wa Kijerumani yaliyobaki nchini, na mafaili ya Waingereza ambayo ni mengi zaidi, pamoja na vile vitabu vya wilaya ambavyo mabwana shauri waliandika habari za makabila, watemi, njaa, na mipaka. Mtu yeyote mwenye sababu nzuri anaweza kuomba kusoma. Niliomba, nikasoma. Utaona hesabu za risasi, hesabu za nguo, hesabu za mishahara. Jina la Mzungu utalipata pamoja na cheo chake na siku aliyougua malaria. Askari Mwafrika utamwona kama namba katika jumla. Mpagazi hata namba mara nyingi hana. Katika vita vile Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi karibu milioni moja, na waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu wanakadiriwa kufika 100,000. Tafuteni majina yao muone mtapata mangapi.

Sisemi hivyo ili kuwavunja moyo. Nasema ili mjue kwamba karatasi ni shahidi, na shahidi huyo alikuwa akiangalia upande mmoja.

BIBI NA MCHI

Nikarudi kijijini. Palikuwa na bibi mmoja, mjukuu wa marehemu, ambaye pande zote mbili za ukoo zilimheshimu na hakuna hata upande mmoja uliokuwa umemwuliza. Walidhani mambo ya bunduki ni mambo ya wanaume.

Sikumwuliza juu ya bunduki. Nilimwuliza babu yake alikuwa akicheza vipi na watoto. Akacheka, akaagiza mchi wa kinu, akausimamisha kando ya mguu wake wa kulia. Kisha akasema kwa sauti ya amri, "Gevea ubaa!" na mchi ukapanda begani. Akasema tena, "Gevea apu!" ukashuka chini. Yeye alidhani ni Kingoni cha zamani. Ni Kijerumani, na ni amri za gwaride: bunduki begani, bunduki chini.

Vitabu husimulia habari inayofanana na hiyo. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliobaki wa Schutztruppe malimbikizo ya mishahara yao, na wazee kama 350 wakakusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti. Basi mtu wa benki akampa kila mzee ufagio, akaamrisha gwaride kwa Kijerumani, na inasemwa hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Ufagio wa Mwanza na mchi wa bibi ni ushahidi wa namna moja: mwili unakumbuka kile ambacho karatasi imekipoteza.

Upande wa pili wa ukoo ukafurahi. Lakini bibi alikuwa hajamaliza. Alisema babu yake alizoea kujisifu kwamba aliuona mto Ruvuma kabla ya kuiona Dar es Salaam, na kwamba huko walikula mizizi.

Hapo ndipo tulipokaa kimya kidogo. Kwa maana kama mzee yule alifika Ruvuma kwa njaa, inaelekea alikuwa katika msafara wa Tafel. Na watu wa Tafel hawakurudi nyumbani na bunduki. Siku ya kusalimu amri silaha ziliharibiwa au zilikabidhiwa, na askari wakachukuliwa mateka mikono mitupu. Kwa hiyo neno lile lile lililoonyesha kwamba mzee alikuwa askari, lilionyesha pia kwamba bunduki ya darini, kwa yumkini, haikuwa ile aliyoibeba vitani.

Na Majimaji je? Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 17 mwaka 1905 alikuwa na miaka 26 vita vikuu vilipoanza. Angeweza kunywa maji Agosti 1905 na kuvaa kaki mwaka 1914. Hakuna sheria ya historia inayomkataza. Wajerumani walipokwisha kulivunja bonde hili kwa kuchoma vyakula, kazi ya uaskari ilikuwa na mshahara, nguo na heshima, na mwenye njaa hachagui sana. Hata mwaka ule wa 1905 bonde halikuwa na moyo mmoja: Wambunga na Wapogoro walipopigana na Mjerumani, Mtema Kiwanga wa Wabena wa huku bondeni alipigana upande wa Mjerumani, na akafa katika vita hivyo. Wajukuu wa pande zote mbili wameketi hapa leo, wamekula wali wa sufuria moja.

MASWALI MAWILI YALIYOFUNGWA KAMBA MOJA

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo penye jambo ninalotaka vijana waondoke nalo. Ukoo ule ulidhani una swali moja. Ulikuwa na maswali mawili yaliyofungwa kamba moja, kama bunduki na gunia lake. Swali la kwanza: bunduki hii ilipitia mikono ya nani? Swali la pili: babu yetu alikuwa mtu gani? Kila upande ulitaka bunduki ijibu swali la pili. Bunduki haiwezi. Kukutwa kwake darini kunathibitisha kwamba ilikuwa darini. Aliweza kuiteka, kuinunua, kuirithi, kuiokota, kuwekewa na shemeji aliyeogopa bwana shauri. Enzi za Waingereza kukutwa na bunduki ya jeshi bila kibali lilikuwa kosa, na aliyeficha hakuandika kwa nini ameficha.

Tamaa ya kutaka kitu kiseme jina tunalolipenda si ya wanakijiji peke yao. Serikali nazo zinayo. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu mengi, akachagua kwa kuangalia vipimo vya kichwa vilivyofanana na vya jamaa za Mkwawa na tundu la risasi. Mwaka 1954 fuvu hilo likakabidhiwa Kalenga kwa heshima kubwa. Wahehe walilipokea, na heshima ile ilikuwa ya haki. Lakini mwanafunzi wa historia ataandika hivi: lilichaguliwa kwa vipimo. Kulieleza jambo kwa kadiri ya ushahidi wake si kumvunjia mtu heshima.

Basi niliwaandikia wazee taarifa ya kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza: mambo ya hakika. Bunduki ilitengenezwa Danzig mwaka 1877 na ilitumika katika jeshi la Wajerumani nchini hapa. Ukurasa wa pili: mambo yanayoelekea kuwa kweli. Marehemu alifundishwa gwaride na Wajerumani na alikwenda kusini katika vita vya 1917. Ukurasa wa tatu: mambo yasiyokanushwa wala kuthibitishwa. Kwamba alipigana Majimaji. Kwamba aliipata bunduki hii Ifakara mwaka 1905. Kila upande uliniomba nihamishe sentensi moja kutoka ukurasa wa tatu kwenda wa kwanza. Nilikataa pande zote mbili kwa adabu ile ile, na kwa muda wa mwezi mzima nilikuwa sina rafiki katika ukoo ule.

Taarifa ilisomwa mbele ya wote, chini ya mwembe, sentensi kwa sentensi. Walibishana mpaka jua likashuka. Mwishoni mzee wa ukoo alisimama akasema, "Basi babu arudishiwe jina lake, na bunduki ishike njia yake." Kaburi likajengwa. Limeandikwa jina lake, jina la baba yake na kijiji chake. Watu wakala pamoja. Fundi akapata nusu yake ya pili.

Yupo kijana aliyenilalamikia siku ile: "Kwa hiyo Mheshimiwa, hatukupata kitu?" Nilimjibu kwamba tumepata vingi. Tumepata kwamba babu yake aliona njaa ya Ruvuma. Tumepata kwamba aliwafurahisha wajukuu kwa mchi wa kinu. Tumepata kwamba mbele ya mtutu ule, wakati mmoja au mwingine, walisimama watu wa bonde hili, na nyuma ya kitako chake huenda walisimama watu wa bonde hili pia. Wajerumani walihesabu vifo vya Majimaji kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 mpaka 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata. Mwenye kuyajua hayo hatafuti bunduki ya kujivunia. Atatosheka na majina ya watu.

KAZI YENU

Sasa nageukia wanafunzi. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake makwao wakati wa likizo, wakawahoji wazee juu ya Majimaji, chini ya uongozi wa wanahistoria kama Iliffe na huyo Gwassa. Walikuta wazee waliokuwa watoto, na hata vijana, mwaka 1905. Mengi tunayoyajua leo yamo katika madaftari yale. Wazee hao wote wametangulia mbele ya haki. Wanafunzi wale wangesema "tutakwenda likizo ijayo", tungekuwa na hati za von Hassel peke yake.

Ninyi hamtawakuta watu wa 1905. Mtawakuta watu wa mchi, yaani wajukuu waliocheza na watu wa 1905 na wa 1917. Nao hawatakuwapo kwa muda mrefu. Kwa hiyo natoa mapendekezo manne, na Mwalimu Mkuu akiyaona hayafai atayafuta.

Kwanza, ukikuta silaha ya zamani nyumbani, usiipakie, usiijaribu, usiisugue kwa mchanga ili ing'ae. Alama ndogo ukizifuta zimekwenda. Toa taarifa kwa mtendaji na polisi. Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezea, na bunduki yenye umri wa miaka mia bado inaweza kuua, hasa anayeishika. Wenye silaha za kihistoria waombe zifike katika makumbusho. Majimaji wana makumbusho yao Songea, na kitu cha Kilombero hakitaona ugeni pale.

Pili, andika mahali kitu kilipokutwa kabla hakijahamishwa: nyumba ya nani, sehemu gani, kimefungwa na nini, mbele ya nani. Kamba ya ukindu nayo ni shahidi.

Tatu, anza kwa kuuliza bibi. Usimwulize "babu alikuwa shujaa?" kwa maana atakujibu unachotaka. Mwulize alikula nini, alitembea wapi, aliimba nini, alicheza vipi na watoto. Yaandike maneno yake kama alivyoyatamka, hata usipoyaelewa. Yule bibi hakujua kwamba anasema Kijerumani.

Nne, kila mwanafunzi wa Chama cha Historia achukue daftari moja la kurasa 48, na katika likizo moja alijaze habari za mzee mmoja. Kurasa tatu za mwisho azigawe kama nilivyogawa taarifa ile: ya hakika, ya kuelekea, ya kutojulikana. Madaftari yawekwe katika maktaba ya shule hii, kabati lifungwe, na ufunguo uwe na mwalimu. Kabati nitalinunua mimi. Katibu aandike hilo katika kumbukumbu za mkutano ili nisije nikalikana.

Ndugu zangu wa zamani, wengi wetu tuna vyeo, na mtu mwenye cheo huombwa sana saini. Ataombwa athibitishe mpaka wa shamba, umri wa mtu, ushujaa wa babu. Saini ni kitu chepesi, haijai hata nusu mstari. Tuitumie kwa yale tunayoyajua, na yale tusiyoyajua tuyaache wazi ili aje mwingine kuyatafuta, labda mmoja wa hawa waliovaa sare.

Mungu aibariki shule yetu.